Programu Inayokujulia Hali

Mama Nyanda, mwangaluka.

Huku Geita kubeba zege kunanimaliza, ila nimepata chumba kisichovuja. Pamba yetu huko nyumbani Dutwa imechanua?

Dada Jenipha kaniambia kisukari kilikuangusha shambani. Mimi nilipokupigia ulinijibu, "Mzima, baba Nyanda." Ile programu ya simu mliyopewa kliniki ya kisukari kuijaribu uliiambia yote, hata kwamba unalia. Anasema serikali ikiridhika kuwa ni salama, itaipa kibali iwafikie wagonjwa wote. Mimi baba yako alinikubali kwa ng'ombe wa mahari, mbele ya ukoo mzima, na bado sikujua unalia. Naionea wivu, sifichi.

Usiiache, inakusaidia. Ila kesho ikikuuliza umeamkaje, nipigie mimi kwanza.

Mumeo,
Mboje