Makombo ya Sponji Kwenye Soksi za Laurian

Ijumaa, 1 Machi

Wiki ya tano ya ndoa! Laurian kanifunga mkononi uzi mwekundu na mweupe wa kukaribisha majira ya kuchipua kabla sijafumbua macho vizuri. "Usiuvue mpaka miti ichanue, mke wangu." Mke wangu! Nimeushikashika siku nzima kama mjinga.

Jioni nikakung'uta soksi zake. Makombo ya njano bafu zima — ya lile shimo lililojazwa vipande vya sponji kule ukumbini, anakomfundisha Casiana, mwanafunzi wake wa jimnastiki, kuruka meza kinyumenyume. Nayapenda hata makombo. Nimepotea kabisa.

Jumanne, 5 Machi

Mimi ni katibu wa klabu! Laurian kaleta daftari la Casiana. Kwanza anatua kwenye sponji, kisha godoro laini, kisha gumu. Kila hatua mara thelathini safi, ndipo aende inayofuata. Sahihi mbili: ya kocha na ya shahidi.

"Saini hapa na hapa, mpenzi. Karatasi tu hizo."

Laini, gumu — nikasaini zote huku ananibusu shingoni. Ilinca, jina langu, na kimoyo badala ya nukta ya i. Sikutazama hata tarehe.

Jumamosi, 9 Machi

Soksi safi. Hakuna kombo hata moja tangu Jumatano.

Nikawaza upuuzi: ana mwanamke! Nikanusa shati. Chaki, na jasho lake zuri. Basi ukumbini anakwenda. Ila shimoni hawaingii tena. Mbona hajaniambia? Huwa ananiambia hata alichokula.

Jumatatu, 11 Machi

Nimempelekea Laurian supu ukumbini kama kisingizio. Mlangoni nikamkuta Bibi Veturia na chupa ya jamu ya plamu. Ndiye anayemlea Casiana. Mama yake yuko Italia kikazi.

"Mwalimu, mjukuu wangu bado anaangukia sponji?"

"Bado, bibi. Haraka ya nini?"

Laurian alisema kwa tabasamu lile lile lililoniozesha mimi! Ndani, shimo limefunikwa turubai, na juu yake wamerundika magodoro ya zamani.

Nikamfuata Casiana chumba cha kubadilishia nguo. Umetua mara ngapi kwenye laini? Akahesabu kwa vidole. "Nne, shangazi. Tano na ile niliyojipiga goti usoni."

"Na gumu?"

"Moja. Mkono mmoja haukuigusa meza. Ukienda kinyumenyume huioni, unaitafuta tu."

Ana miaka kumi na miwili. Daftari linasema thelathini na thelathini. Chini yake, vimoyo vyangu.

Jumatano, 13 Machi

Nimemuuliza tukila. Hakukasirika — na hilo ndilo linaloniogopesha. Akachukua kalamu, akanifundisha kama mwanafunzi. "Jumamosi mashindanoni, akianguka anakatwa pointi moja. Mruko wenyewe unaanza na moja na nusu zaidi ya ule wake wa zamani wa kwenda mbele. Hata akikalia makalio, tumewapita!"

"Na shingo wanakata pointi ngapi?"

Akacheka mpaka machozi. Akaniita jaji wake mdogo, akanivuta magotini. Nami — aibu! — nikacheka.

Nimemwambia aufute ule mruko kwenye orodha ya mashindano. Kasema atafikiria. Kisha akaosha vyombo vyote bila kuombwa. Laurian! Vyombo!

Jumamosi, 16 Machi

Mashindanoni. Naandika kwenye meza ya makatibu, daftari langu hili nimelificha chini ya orodha. Hakufuta. Mruko ni ule ule wa kinyumenyume.

Jaji mkuu, Bi Hortensia, kaja na daftari la hatua mkononi. "Hivi vimoyo ni vyako, binti?"

"Ndiyo, mama."

"Hizi thelathini uliziona kwa macho yako?"

Nikaomba maji! Akanitazama sana. Kisha akaweka mbele yangu fomu ya kubadili mruko. Katibu wa klabu anaruhusiwa kusaini, ila kabla mtoto hajaitwa. "Wamebaki wawili mbele yake," akasema, akaondoka.

Wa kwanza ameshatua.

Laurian amesimama kando ya meza ya kurukia, na shati la harusi yetu. Ananirushia busu. Mzuri jamani! Bibi Veturia ananipungia kutoka viti vya juu, ametulia kabisa. Anadhani leo ni ule wa mbele. Casiana anapaka chaki. Anapaka tena. Haitazami meza, anatazama godoro.

Wa pili anakimbia.

Nimejaribisha sahihi hapa pembeni. Ilinca. Ilinca. Nukta ya kawaida. Naivuta fomu, uzi wa mkononi unaburuzika juu yake, na Laurian ameacha kutabasamu — ameona kalamu —