Ncha ya Ekseli

Jumatatu, 3 Machi
Imekataa tena! Ncha mpya ya ekseli ya trela, ile inayoshika gurudumu, haiingii kwenye beringi. Ya pili hii. Baba aliipima ile ya zamani mwenyewe, akaandika kwenye karatasi, nikampelekea fundi mchonga vyuma. Imerudi nene. Baba anasema mafundi wa siku hizi ni jina tu. Trela ya boti aliiunda kwa mikono yake miaka thelathini iliyopita, kwa hiyo nani wa kumwambia kitu? Kaka naye amepiga simu: isipotembea hadi Jumapili anaita watu wa vyuma chakavu, anataka ua wa nyumba yake uwe wazi. Sawa, bosi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeamkia karakana. Nimemfokea fundi mbele ya wateja – anatuharibia chuma, hajui kupima. Yeye anafuta mikono tu. Amesema mzee apime tena, atachonga nyingine. Hata kujitetea hakujitetea. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Alhamisi, 6 Machi
Ya tatu. Safari hii nyembamba, inacheza ndani ya beringi. Gurudumu lingechomoka njiani, boti na sisi mtaroni!
Nikarudi karakana nimefura. Fundi akafungua droo, akatoa karatasi zote tatu za Baba, akapima vyuma mbele yangu. Kila chuma sawasawa na karatasi yake. Karatasi ndizo hazifanani. Ncha moja, vipimo vitatu.
"Dada, mimi nachonga kilichoandikwa," akasema. "Mzee ndiye aliyenifundisha kazi hii. Ningemwambiaje?"
Nimeona aibu. Sikujua pa kuangalia.

Ijumaa, 7 Machi
Baba alipolala mchana nilichomoa venia mfukoni mwa koti lake – kipimo chake cha chuma, hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Nikapima mara nne. Nikampelekea fundi. Baba sikumwambia. Mwoga mimi.
Wote wamenichosha: Baba na kiburi chake, fundi na adabu zake, kaka na Jumapili yake. Na mimi je? Miezi mingapi Baba anamimina chai nje ya kikombe, nami nafuta meza huku nanung'unika!

Jumamosi, 8 Machi
Imeingia. Kwa kusukuma na kiganja tu.
Baba akaipapasa kwa kidole gumba, akazungusha gurudumu, akasikiliza. Akasema leo fundi ametulia. Nikaitikia. Nilitaka kumwambia ni mimi niliyepima.
Halafu akasema bado upande wa kushoto, nao umelika. Jumapili ni kesho!
Akatoa venia, akaniwekea mkononi.
"Nisomee wewe. Miwani nimeisahau ndani."
Alikuwa ameivaa.
Nikapima, nikamsomea. Akasema rudia. Nikarudia. Nikamtafutia kalamu, akatikisa kichwa, akaendelea kushika gurudumu.
"Na jana," akauliza, "ulipata ngapi?"