Fatiha ya Kikao cha Mlandege

Jumatano. Tangu alfajiri ni manyunyu tu, hayanyeshi wala hayaachi. Nimerudi nyumbani Mpendae na kichwa kizito, chakula nimekiacha sahanini. Mama kaniuliza nina nini, nimemwambia homa.

Si homa. Ni woga.

Mimi ni karani wa ofisi inayotoa vibali vya ujenzi, bado niko kwenye kipindi cha majaribio, na nikisikia jina langu likiitwa ofisini nadhani nimeshafukuzwa. Kazi yangu vikaoni ni kuandika muhtasari. Jana tulikuwa mtaa wa Mlandege kuwasikiliza wakaazi kuhusu nyumba moja ya zamani inayotakiwa kubomolewa ijengwe hoteli ya ghorofa saba. Mpaka wa hifadhi ya Mji Mkongwe unapita upande wa pili wa barabara, kwa hivyo nyumba ile haina wa kuitetea ila majirani. Wakikataa, na kukataa kwao kukaandikwa, mradi utarudishwa kuangaliwa upya.

Na walikataa. Nilikuwepo.

Fundi cherehani mmoja alisimama akauliza, "Ghorofa saba! Sasa mwezi wa Ramadhani ukiandama tutauona vipi, tukakodi chumba juu?" Watu wakacheka. Bi Zuwena hakucheka. Yeye ni mjane, anakaa nyumba iliyoshikana na ile. Nyumba za mawe na chokaa zile zimeegemeana, ukuta mmoja unabeba boriti za pande zote mbili.

"Wanangu," alisema, "huo mnaotaka kuuvunja ndio ukuta wa chumba changu. Mkishauondoa, mimi nitashikiliwa na nani?"

Nikayaandika.

Kisha mwakilishi wa mwenye mradi, mtu mpole, mwenye maneno laini, akasema, "Alhamdulillahi, tumesikilizana. Tufunge kwa Fatiha, Mungu atie kheri." Hapa kwetu nani atakataa Fatiha? Tunaisomea harusi, safari, maiti, hata ugomvi ukisha. Mikono yote ikainuka. Wangu pia. Bi Zuwena aliitikia amin kwa sauti kuliko sote.

Leo asubuhi mkuu wangu kasoma rasimu yangu, kairudisha. "Andika wameridhia."

Nikasema, kwa sauti ambayo mwenyewe sikuisikia vizuri, kuwa walikataa.

"Na Fatiha waliyosoma? Posa ikishasomewa Fatiha, wewe utakwenda kusema wazee hawakukubaliana?" Akacheka kidogo. "Usijitafutie makubwa, binti. Kazi bado hujaipata."

Nimeandika wameridhia.

Nimechapa neno lile kama ninavyochapa jina langu.

Baada ya adhuhuri Bi Zuwena kaja ofisini, buibui limelowa pindoni. Nikainuka. "Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukusumbua. Yale maneno yangu ya ukuta, uliyaandika?"

"Niliyaandika, Bi."

Si uongo. Niliyaandika jana. Leo nimeyafuta.

Kanishika kichwa, kaniombea nipate mume mwema na kazi ya kudumu. Halafu kaondoka taratibu, anashika ukuta wa ukumbi kila anapopiga hatua.

Nimesoma mpaka chuo kikuu. Mama aliuza bajia mpaka nikamaliza. Yote yale, ili mtu aniambie andika, niandike?

Jalada la mradi halijapelekwa juu. Litapelekwa kesho mchana. Nikisema, huenda nikakosa kazi. Nikinyamaza, chumba cha Bi Zuwena kitakuja chini, pengine naye yumo ndani.

Nimeazimia kupita Mlandege asubuhi, kabla sijaingia kazini. Nitamwambia awakusanye majirani waende ofisini wenyewe, wakatae kwa vinywa vyao mbele ya mkuu. Bi Zuwena akiniuliza nani kafuta maneno yake, nitasema ni mimi.

Hilo naliweza, nafikiri. Ninaloliogopa ni jingine. Nitamwambiaje mtu mzima yule kuwa kinachomvunjia nyumba ni dua yake mwenyewe?