Zeferino, Viatu Vyako Bado Viko Kwenye Msumari

Krr… krr… krr. Kabla hakujapambazuka, jikoni, gurudumu la kiatu chako linakwaruza vigae vya ukuta. Linanyamaza. Linaanza tena.

Mwaka umetimia sasa, Zeferino, tangu ulipoketi kwenye kiti cha karibu na mlango ili ufungue kamba za viatu, nasi tukadhani umepitiwa na usingizi. Ulikuwa umetoka kwenye ukumbi wa hoki kufuta sakafu kabla ya mechi ya wasichana. Kidole chako kilikuwa bado kimeshika kamba. Hukuaga. Wewe hukuwa mtu wa kuaga, ulikuwa mtu wa "narudi sasa hivi."

Hukujua kutulia. Supu uliinywa umesimama, na mkate wa mahindi uliumalizia ngazini. Maisha yako yote ulitengeneza viatu vya hoki ya magurudumu, vya watoto wetu hapa Viana na vya watoto wa miji mingine waliokuja kutufunga. Jikoni kwetu palinuka mafuta ya mashine kuliko vitunguu. Mkeo Deolinda alipolalamika, ulimjibu, "Bibie, vitunguu vimewahi kufunga goli?"

Tunakumbuka yule msichana aliyekuwa akija mazoezini bila kula. Hukumuuliza kitu. Kila Jumamosi ulitoa mfukoni mkate wenye soseji, ukamwambia, "Nisaidie mwanangu, mke wangu amenifungia miwili, akijua nimerudisha mmoja nitalala nje." Deolinda alikuwa anafunga mmoja. Alipopata habari alianza kufunga miwili, wala hakukwambia kwa nini.

Na upepo wa kusini ulipovuma kutoka baharini, sakafu ya ukumbi ilitoa jasho, wachezaji wakateleza kama waliokanyaga sabuni. Siku hizo ulitangulia alfajiri, ukafunga milango, ukafuta sakafu kwa matambara, ukatoa magurudumu magumu kwenye viatu na kuweka laini. Ndiyo kazi uliyotoka kuifanya asubuhi ile.

Tangu hapo nyumba haikutulia. Mkeo anaamka kabla ya jogoo, anaweka birika motoni, analiondoa kabla halijachemka. Anafungua mlango, anachungulia barabarani, anaufunga. Ukumbini hakukanyaga tena. Akipita karibu na pale alivuka barabara, akajifanya anatazama duka la uzi. Lakini ule mlio aliusikia, si kila siku, na kila alipousikia alisema, "Zeferino ameamka."

Mwanao Albano akaogopa. Alikuja kutoka Braga na maboksi matupu kwenye gari.

"Mama, twende ukakae nasi. Nyumba hii inakumaliza."

"Nikienda, nani atamfungulia?"

"Mama, baba amefariki."

"Unaniambia mimi? Soksi za mwisho nilimvisha mimi."

Albano aliyashusha maboksi garini, akayapanga jikoni. Alilala hapa usiku huo ili kesho aanze kufunga vyombo. Mkeo alilala na nguo zake, kama abiria.

Alfajiri, krr, krr. Safari hii Albano naye alisikia. Alitoka na ufagio, akidhani ni panya.

"Utampiga baba yako kwa ufagio?" mkeo alimuuliza kutoka gizani.

Albano aliwasha taa. Viatu vyako vya magurudumu vilikuwa vinaning'inia kwenye msumari ulikoviacha, vinayumba polepole, gurudumu likigusa vigae. Albano alipitisha kiganja kwenye fremu ya dirisha. "Kuna ufa hapa, mama. Ni upepo tu. Umegeuka, unatoka kusini."

Albano alidhani mama yake atalia. Badala yake mkeo alichukua koti.

"Kusini? Na leo wasichana wanacheza? Mungu wangu, sakafu inatoa jasho!"

Ulimwona, Zeferino? Hakuvuka barabara. Aliingia ukumbini na ndoo, mwanao nyuma yake amebeba matambara. Kocha Valdemar alikuwa amefungua milango yote ili sakafu ikauke, kosa lile lile ulilomkemea kila mwaka, na sakafu ilikuwa inang'aa kama sahani iliyotoka majini.

"Kocha!" mkeo alisema. "Bahari unaiita ndani mwenyewe, halafu unashangaa kulowa? Funga!"

"Shikamoo, mama Deolinda. Naona Zeferino amemtuma msimamizi."

"Acha maneno, shika tambara."

Walifuta hadi magoti yakauma. Mjukuu wako Mafalda, ambaye ndiye kipa, alikaa chini na sanduku lako la magurudumu, akabadilisha moja moja. Kila alilofunga alilizungusha kwa kidole na kulisogeza sikioni, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Mkeo alimtazama, kisha akageukia ukuta kwa muda.

Wasichana walifungwa, hatutakudanganya. Lakini hakuna mtoto aliyeanguka akaumia. Yule msichana wa mkate, mtu mzima sasa, alikuwa jukwaani na mwanawe. Alishuka, akamwekea mkeo mkate wenye soseji mkononi, akamwambia, "Nisaidie, mama, nimefunga miwili."

Jioni Albano alirudi Braga na maboksi yake, matupu vilevile. Kabla ya kuondoka alishika fremu ya dirisha. "Niuzibe huu ufa?"

"Uache," mkeo alisema. "Nitajuaje siku ya kwenda kufuta?"

Bado haketi, Zeferino. Tusikufiche, usingizi haujarudi wote, na birika bado linaondolewa kabla ya wakati. Lakini siku hizi akifungua mlango alfajiri, anatoka, ana mahali pa kwenda.

Unakumbukwa na mkeo Deolinda, mwanao Albano na mkewe Graça, mjukuu wako Mafalda, kocha Valdemar, na kila mtoto aliyewahi kusimama imara juu ya magurudumu yako. Miaka itapita mingi. Wewe hutapita mioyoni mwetu.

Upepo ukigeuka ukatoka kusini, njoo tena nyumbani. Viatu usivue.