Povu Katika Rejeta

Gangilonga,
Iringa.
21 Aprili 1975

Mpendwa mdogo wangu Liberatus,

Salamu zangu zikufikie huko Bukaresti, pamoja na matumaini kwamba kifua kimekuacha na kwamba theluji uliyoilalamikia imekwisha kuyeyuka. Sisi hapa tu wazima. Baba anatembea hadi kanisani bila kuitegemea fimbo, ingawa huibeba kwa ajili ya kuwanyooshea watu. Mama anasema barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno, nami nimekubaliana naye. Mvua zimetosha, na mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika kifuani.

Sasa nikueleze habari za gari lako la mbio, kwa kuwa najua umeiruka aya ya kwanza ili kuzitafuta.

Kama ulivyoagiza, gari limetolewa kwa mama mdogo Apolonia, Mbeya, ili liwe chini ya uangalizi wangu. Aliyeliendesha ni Shigela, yule bwana mifugo wa Usangu ambaye amemposa dada yetu Severina. Mama mdogo alipanda naye, maana haikufaa mposaji aje ukweni peke yake. Lilipofika hapa lilikuwa likitoa mvuke, oili ikidondoka chini ya injini, na sindano ya joto ikiwa imelala kwenye nyekundu. Shigela alieleza kwa maneno machache: maji yalipungua, akasimama Nyololo mara tu sindano ilipopanda, akaacha injini ipoe, akaongeza maji, akaendelea polepole. Sindano ilipanda tena walipokuwa wakiingia mjini.

Fundi Marcelino, ambaye bila shaka unaikumbuka sauti yake, alifungua kifuniko cha rejeta na kuwasha injini. Povu likapanda mpaka likamwagika.

“Mwalimu, gasketi ya hedi imekwenda,” alisema. “Huyu bwana amelichemsha gari kama maharage.”

Wewe unaijua maana ya povu la namna hiyo. Gasketi hiyo inayoziba kati ya hedi na bloku ikiungua, moshi wa ndani ya silinda hupenya kwenye maji na kutoka kama mapovu. Tena kwa kawaida haiungui kwa dereva aliyesimama kwa wakati, bali kwa yule anayeiona nyekundu na kuendelea. Baba alilielewa jambo hilo upesi kuliko nilivyopenda.

“Gari ni chuma, litatengenezwa,” alimwambia Shigela mbele yetu sote. “Lakini mtu akinidanganya juu ya chuma, juu ya binti yangu ataniambia nini?”

Akaniagiza niichunguze injini na kutoa majibu Jumapili baada ya misa. Gasketi ikionekana imeungua, posa ingerudishwa. Sikulipenda jukumu hilo. Severina alinifuata uani nikiwa nakunja mikono ya shati.

“Kaka, usinitetee,” alisema. “Wewe pima tu.”

Nilianza na oili. Niliiosha injini kwa mafuta ya taa, nikaikausha kwa vitambaa, kisha nikaipaka unga wa chaki. Tone linaloonekana sakafuni halionyeshi lilikotoka, kwa sababu upepo wa feni hulisukuma nyuma. Chaki huonyesha njia yake yote. Baada ya injini kunguruma kidogo, mstari mweusi ulijitokeza chini ya kifuniko cha vali na kuteremka nyuma ya bloku. Gasketi iliyopo hapo, ya koki kama ya vizibo vya chupa, imekauka, inamegeka kama mkate wa jana. Huo ni uvujaji wa uzee, haumhusu dereva. Tone jingine hutoka injini inapokutana na giaboksi. Hilo lilikuwepo siku ulipolinunua gari kwa yule mkulima wa chai wa Mufindi, nawe ulikataa kuliona.

Maji yalipotelea kwenye bomba la mpira la chini. Lina ufa uliojificha ndani ya kibano, na ufa huo hufunguka tu bomba linapopata moto. Kwa hiyo nilikuwa na maelezo ya oili na ya maji yaliyopotea. Sikuwa na maelezo ya povu, na povu ndilo lililokuwa likimhukumu Shigela.

Dalili nyingine zote zilikataa kuliunga mkono. Oili kwenye kijiti cha kupimia ilikuwa safi, haikugeuka maziwa. Plagi zilikuwa kavu. Moshi wa nyuma haukuwa mweupe. Marcelino alichoshwa na taratibu zangu.

“Mwalimu, injini si mtihani wa darasa la saba. Tufungue hedi tuone.”

Nilikataa. Gasketi kuukuu huchanika inapobanduliwa, na baada ya hapo hakuna ambaye angeweza kuapa kwamba iliharibiwa na moto wa Nyololo na si spana zetu. Tungeupoteza ushahidi pekee aliokuwa nao kijana yule.

Jumamosi niliuvua mkanda wa feni. Mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Bila pampu, maji hayakorogwi. Lakini moshi wa silinda, kama upo, huendelea kupenya na kutoa mapovu, pampu izunguke isizunguke. Niliwasha injini kwa muda mfupi. Maji yalitulia kama yaliyomo ndani ya ndoo. Marcelino alizirudisha spana zake kwenye boksi.

Basi gasketi ya hedi ilikuwa nzima, na povu lilitokana na maji yenyewe. Niliyakinga kwenye chupa, nikayatikisa, povu likasimama wala lisishuke. Nikanusa. Sisi tumekulia kwenye mianzi, Liberatus, sikuhitaji maabara. Ndani ya rejeta yako mlikuwa na pombe ya mianzi: ulanzi.

Ugunduzi huo haukunipa nafuu. Shigela alikuwa amemwambia baba kwamba aliweka maji. Nilimwita kando.

“Shemeji, haya si maji.”

“Mimi niliweka maji, kaka.”

“Na kabla yako?”

“Nilikuwa nimeteremka bondeni na debe.”

“Nani alibaki kwenye gari?”

Alitazama chini. “Kwetu, kaka, mkwe hasemwi. Mzee akiamua, ameamua.”

Walikuwa wawili tu garini, na unajua kwamba mama mdogo aliweka nadhiri mbele ya akina mama wa parokia kutoonja pombe tena. Kwa Shigela yeye ni mkwe sawasawa na mama yetu. Nilimwona mtu aliye tayari kumpoteza Severina kuliko kulitaja jina lile karibu na neno pombe. Mimi nami sikuwa na haki ya kulisema asilolisema. Niliamua kuyaeleza yote yaliyomo ndani ya injini, na kukomea hapo.

Jana, basi, nilieleza: gasketi ya hedi ni nzima, injini haikuendeshwa katika hali ya kuungua, bomba lilipasuka kwa uzee. Baba alinisikiliza hadi mwisho.

“Na povu?”

“Maji yalichanganyika na kitu kingine, baba.”

“Kijana alisema maji.”

“Alisema alichokiweka yeye.”

Baba alimgeukia Shigela. “Una la kuongeza?”

“Sina, baba.”

Baba akachukua kofia yake. “Basi tumemaliza. Mtu anayeficha mara moja...”

“Kaa chini, shemeji,” mama mdogo alisema. “Ni ulanzi, na ni wangu. Niliununua Makambako.”

“Wewe? Mwenye nadhiri?”

“Nadhiri ni ya kuonja. Ule ni wa kuchulia mgongo.”

Mama alikohoa kwa muda mrefu.

“Mvuke ulikuwa umetulia, lakini chuma kinalia ti, ti, ti, kijana yuko bondeni, na mimi nimekaa juu yake,” aliendelea mama mdogo. “Nikaona kina kiu. Aliporudi nikamwambia kimekwisha kunywa. Hakuniuliza kimekunywa nini.”

“Hana pua?”

“Pua anayo, shemeji. Ameamua kuwa na adabu.”

Baba aliizungusha kofia mikononi. Hatimaye alimtazama Shigela.

“Wazee wako waje baada ya mavuno,” alisema. “Na waje kwa basi.”

Severina alitoka nje bila kumtazama mtu.

Rejeta nimeisafisha, bomba jipya limefungwa, na koki nitaikata mwenyewe kwa ruhusa yako. Baba na mama wanakusalimu. Severina anauliza likizo yako inaanza lini, kwa kuwa kuna siku asingependa uikose. Mama mdogo Apolonia anakusalimu pia, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. Mungu akulinde ugenini, akufungulie masomo yako, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi kaka yako, ambaye umbali haujampunguzia upendo kwako,

Bartolomeo