Turufu Niliyoibania

Dunda,
Bagamoyo.
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa dada Mardhiya,

Assalaam aleikum warahmatullah. Na shikamoo. Naam, umesoma sawasawa. Umenizidi miezi minne tu, na miaka hamsini na tatu sijakuamkia hata siku moja, lakini leo nakuamkia, na sababu utaiona mbele. Usipoitikia marahaba nitakuwa nimeyataka mwenyewe.

U hali gani huko Maskati? Goti lako je? Shemeji na wanao hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila mume wangu Yusuf kang'olewa jino, basi kilio chake ungedhani kang'olewa mguu. Tunamnywesha uji kama mwali.

Barua hii anakuletea Abdulnasir, mtoto wa jirani yetu, kwa kuwa simu umenifungia. Nimempa chupa ya achari ya ndimu na vifurushi viwili vya ubuyu. Samaki ng'onda amekataa kubeba, ati atawanukia abiria wenziwe. Mtoto wa Bagamoyo huyo, anaona haya ng'onda! Mwaka wa kwanza tu Uarabuni.

Wahida wangu kajifungua salama, mtoto wa kike, tumemwita Mina. Ana midomo ya kwenu, na kwa kelele pia hajawaacha mbali.

Idi imepita wiki jana. Ni Idi ya kwanza tangu tupate akili ambayo mimi nawe hatukupeana mkono, wala wa simu. Nilipika biriani, nikavaa, nikacheka na wageni, kisha nikaenda uani nikalia. Hilo nakwambia wazi.

Sasa tuje kwenye karata, maana ndiko tulikokosania.

Miaka miwili tumecheza wahedi wa sitini kwenye simu, mimi huku wewe huko, kila Jumamosi kwenye yale mashindano ya wawili kwa wawili. Hatukuwekeana hata senti, kwa kuwa marehemu bibi alituruhusu karata akatukataza kamari. Raha yake unaijua. Kisha mwezi wa nne tukafungwa michezo saba mfululizo, na ule wa saba ni nusu fainali. Wewe ulitupa ree yako ya kopa, pointi kumi na moja nzima, ukiniamini mimi nitakata kwa turufu niizoe. Wapinzani wakaizoa wao. Nikakupigia papo hapo, nikakwambia una mkosi, huna unalolijua, na mimi turufu sikuwa nayo. Nikaapa! Ukakata simu, na toka siku ile kimya.

Mimi nilikuwa na hakika, dada. Nikataka na ushahidi, ili siku moja nikutie aibu mbele ya ukoo mzima. Nikamchukua Adila, binti wa kaka Rajabu, yule mwalimu wa hesabu kule Zinga, awe mwenzangu badala yako. Akakubali kwa sharti kwamba tucheze michezo mia moja, na kila mchezo niuandike daftarini.

"Saba haisemi kitu, shangazi," akaniambia. "Karata zikikataa, hata malaika atafungwa saba."

Daftari likawa na safu mbili. Ya kwanza, tumeshinda au tumefungwa. Ya pili nilitakiwa kuijaza kesho yake, hasira zikishapoa, nikiurudia mchezo wote simuni karata kwa karata, niseme mimi mwenyewe nilicheza vizuri au vibaya. Adila anasema matokeo ni ya Mungu na karata zake, lakini uchezaji ni wako, na wewe ndiwe utakayeulizwa.

Michezo ishirini ya kwanza tulishinda kumi na minne. Lo! Kichwa kilinivimba hata ushungi haukai. Nikaandika maneno ya kukukebehi, nikataka Wahida akutumie kwa simu yake. Mtoto ana busara kuliko mama yake, akayafuta.

Basi ile mia ikatimia wiki mbili kabla ya Idi. Tumeshinda hamsini na mmoja. Nikarudi kuangalia yetu mimi nawe, maana simu inahifadhi yote: michezo mia mbili na kumi, tumeshinda mia moja na sita. Nikampa Adila apige hesabu. Akacheka mpaka akakaa chini. "Ni yale yale, shangazi, nusu kwa nusu. Sasa mkosi wa nani?"

Ile safu ya pili ndiyo iliyonimaliza. Katika michezo mia, mara thelathini na moja mwenzangu alitupa karata nono akinitegemea mimi, nami turufu ninayo mkononi, nikaibania nikiiwekea wakati mzuri zaidi. Thelathini na moja! Na nyingine kati ya hizo tulishinda, ndiyo maana sikujua kama nimekosea. Adila akaniuliza, "Turufu hiyo ya nini, shangazi, ya kuzikwa nayo?"

Nikaufungua ule mchezo wetu wa saba. Nikaurudia karata kwa karata. Ulipotupa ree yako, turufu ninayo. Iko pale kwenye kioo, inaniangalia. Sikukusudia kukudanganya, dada, niliapa nikiamini. Lakini nimeapa uongo, na kafara yake nimefunga siku tatu. Iliyobaki ni wewe.

Nimefikiri sana nimepofuka vipi. Utotoni, kwenye mkeka wa bibi, aliyeshinda alibaki amekaa, aliyefungwa aliinuka kumpisha mwingine, akaenda zake kumimina kahawa. Basi tukikutana tunahadithiana zile tulizokaa tu, zile za kuinuka nani anazikumbuka? Nami nikajihesabu hivyo maisha yangu yote, nikajiona bingwa. Kumbe nimeinuka mara nyingi sana.

Na safari hii uliinuka wewe, ilhali wa kuinuka nilikuwa mimi. Nisamehe, mwana wa mama mdogo. Adila ni mchezaji hodari, ana hesabu kali, lakini akishinda hapigi vigelegele, na akifungwa hatukani. Mchezo gani huo? Nakutaka wewe.

Jumamosi ya tarehe 28 mashindano yanaanza saa nne asubuhi ya huku. Mimi sitokualika, sina haki hiyo. Mkeka nimekuachia, kaa kwanza wewe, kisha ukipenda uniite. Usiponiita nitajua jibu, na bado nitakuombea.

Msalimie sana shemeji, na Fatu, na mjukuu wetu Mikdad mwambie ajibu simu za bibi zake. Kaka Rajabu na Adila wanakusalimu, Yusuf naye anakusalimu kwa upande mmoja wa mdomo. Mola akupe afya, alilainishe goti lako na moyo wako, atukutanishe na uhai.

Wako akupendaye, hata ulipokuwa hutaki kusikia,
Shamsia

Bahasha usiitupe. Ndani nimetia sita ya uru kutoka seti ya zamani ya bibi. Ndiyo turufu niliyokubania siku ile. Nimechelewa miezi miwili, lakini nimeitoa.