Siku Tuliyomkaribisha Persisi

Kisauni, Alhamisi, Julai 1947

Tangu alfajiri kuna manyunyu, yale ya kusi yasiyolowesha nguo lakini yanaingia mpaka mifupani. Wenzangu wamejifunika leso mabegani. Mimi nasikia joto kama mtu aliyetoka ngomani. Shangazi ananingoja nikune nazi, nami nimemwomba aniache kwanza niandike, kwa sababu nikikaa mpaka chakula kiive nitayasahau mengine.

Leo Persisi amebeba ndoo yake mwenyewe.

Persisi yuko darasa la juu kabisa katika shule yetu ya misheni. Ni mrefu, ana sauti nzuri kanisani, na walimu wanampenda. Sisi tunaotoka upande wa Mtopanga humkuta kila asubuhi penye mkorosho, pale njia inapopinda, amesimama na wenzake wawili. Tukifika tunafungua vyakula vyetu. Yeye huchagua anachokitaka, kisha humtaja mmoja wetu wa kumtekea maji ya bustani ya shule siku hiyo. Mwenye kutajwa huenda kisimani mara mbili, kwa ndoo yake na kwa ndoo ya Persisi.

Mwaka huu wote nimekuwa nikishiba nyumbani asubuhi ili mchana nisione njaa, na kujiambia kwamba shule ndivyo ilivyo.

Sidi hakuweza kujiambia hivyo. Sidi ni rafiki yangu. Wazazi wake walihamia hapa kutoka Kaloleni, na Kiswahili chake bado kina Kigiriama ndani yake. Persisi humsimamisha na kumtaka aseme neno hili na lile ili wenzake wacheke. Juzi alimwambia atoe salamu kama wanavyotoa kwao, na Sidi akatoa, kwa adabu zote, huku wale watatu wakishikana mbavu. Tulipokuwa tunarudi nyumbani aliniambia kuanzia Jumatatu haji tena shule.

Hilo si jambo dogo. Baba yake hakutaka asome tangu mwanzo. Kuna mtu mzima wa kwao ameshaleta tembo la mnazi la kumposa, na kilichomzuia baba mtu kulinywa, yaani kukubali, ni kwamba Sidi alilia akisema anapenda shule. Akisema haipendi tena, basi.

Jana nilimweleza Shangazi. Yeye alisoma shule hii hii zamani, nami nilidhani atakwenda kwa mwalimu. Badala yake alicheka.

"Hata sisi tulikuwa na wetu," alisema. "Mimi nilimtilia pilipili kwenye kitumbua. Alilia mpaka makamasi."

"Akaacha?"

"Akanishtaki. Nikachapwa mbele ya shule nzima. Na tangu siku hiyo hakuna msichana aliyekubali kufuatana nami njiani, kila mmoja alichelea asije akaonekana yu upande wangu. Mwanangu, kwa kwenda peke yangu nilikosea. Hiyo pilipili siijutii."

Nililala nikiyafikiri maneno hayo. Asubuhi nilitoka mapema, nikampitia Sidi, nikampitia Esta wa nyumba ya pili ambaye haogopi sana, tukawangoja wadogo wengine njiani. Niliwaambia nilichokiwaza. Hatutaficha chakula na hatutakimbia. Tutafika penye mkorosho kabla ya Persisi, tukae chini, tuweke vyakula vyetu pamoja, tuanze kula. Akija tutamkaribisha, kama anavyokaribishwa mtu yeyote anayekukuta unakula. Sidi alisema tutapigwa. Esta alisema huenda, lakini tutapigwa tukiwa tumeshiba.

Basi tukakaa. Majani yalikuwa maji matupu, na gauni langu lililowa lote kwa nyuma. Sidi alifungua kisufuria cha mbaazi za nazi alizopika mama yake. Mimi nilikuwa na viazi vitamu. Nilimega kimoja nikakitia mdomoni.

Persisi akaja.

Mimi ndiye niliyekuwa niseme. Ndivyo tulivyopatana. Nilifungua kinywa, hakikutoka kitu. Na hapo nikasikia sauti ndogo pembeni yangu, yenye Kigiriama chake chote.

"Karibu, dada Persisi. Kaa tule."

Alikuwa Sidi. Alikuwa amesogea kidogo kumpisha nafasi.

Persisi alimtazama kama anayetazama kuku aliyesema. "Nani kawaambia mle?"

"Ni chakula chetu," Sidi akamjibu. "Karibu."

Persisi akakipiga teke kisufuria. Mbaazi zote zikamwagika mchangani, tui likazama palepale. Nilimwona Sidi akizitazama, nikajua anamfikiri mama yake aliyeamka gizani kuzipika. Nikasema moyoni, sasa atalia, na akilia yamekwisha.

Hakulia. Esta akalisukuma bakuli lake la wali katikati. "Kuna hiki," akasema. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza, ambaye jina lake hata silijui vizuri, akaweka muhogo wake juu ya wali. Mwingine akaweka kipande cha papa mkavu. Hakuna aliyeinuka. Tuliendelea kula, na Persisi amesimama juu yetu.

Ndipo akasema neno ambalo sikulitazamia.

"Mimi nilipokuwa mdogo kama nyinyi nilitekea watu maji mpaka bega likafanya kidonda. Nani alinionea huruma?"

Hakuwa akifoka. Alikuwa akiuliza kweli. 

"Pole, dada," Sidi akasema. "Lakini sisi hatuteki tena."

Mmoja wa wale wenzake wawili, yule mnene, alikuwa amemkodolea macho yule papa tangu alipowekwa. Akachutama, akanawa mikono kwa majani yenye umande, akamega. Wallahi naandika nikicheka peke yangu. Persisi alimwita kwa jina mara moja, mara ya pili, naye akajibu, kinywa kimejaa, "Abee, naja." Hakwenda.

Kengele ikalia. Persisi akashika njia peke yake.

Wakati wa bustani sote tulikwenda kisimani pamoja, na kila mmoja aliteka yake. Persisi alipofika hakumtaja mtu. Aliteka, akajitwika, akapita mbele yetu na maji yakimwagikia shingoni, maana alikuwa amesahau namna ya kubeba ndoo kichwani. Mwalimu Yunia alikuwa mlangoni. Alimtazama yeye, akatutazama sisi tulivyokuwa tumejipanga, akasema tu, "Leo mmefuatana." Nina hakika alikuwa akijua siku zote. Hilo nalo linanikera, lakini leo sina nafasi ya kukereka.

Tulirudi tukikimbia, na Sidi mbele. Tulipofika kwao, baba yake alikuwa uani akichonga mpini wa jembe. Sidi alimwamkia, kisha, kabla hajavuta pumzi vizuri, akamwambia Jumatatu anakwenda shule. Baba yake hakuinua kichwa. Aliuliza kiko wapi kisufuria cha mama yake. Sidi akakitoa, kimebonyea ubavuni, akamweleza yote, hata lile teke. Mzee alikigeuza mkononi muda mrefu, akakigonga kwa nyuma ya shoka mpaka ubavu ukanyooka, akamrudishia.

"Mwambie mama yako akujazie kesho," akasema.

Lile tembo hakulitaja. Sijui kama ataliacha. Lakini Sidi alinishika mkono akanibana vidole mpaka vikaniuma.

Nimemsimulia Shangazi. Alisikiliza nazi ikiwa mkononi, hakuikuna hata kidogo. Nilipofika kwa yule mnene na papa alicheka akafuta machozi kwa leso. Kisha akasema, "Sisi katika kufikiri kwetu kote, hatukufikiri kukaa."

Sidi anasema kesho tukae tena, na nafasi ya Persisi tuiache wazi. Esta hataki. Mimi nimo katikati. Nimefurahi sana leo, ila hiyo ni furaha ya kumshinda mtu. Kula naye bakuli moja ni kazi nyingine. Akija kweli, akanyoosha mkono wake karibu na wangu, je, nitamsogezea kitoweo?

Ngoja nikakune nazi. Nitamwomba Shangazi aongeze mbaazi za kesho.